Ukurasa Uliochemsha Chai

Muuza vitabu vikuukuu aliye kando ya soko mjini Kisii hupanga mali yake juu ya gunia, nami hupita pale kila jioni nikishafunga cherehani, bila kununua chochote. Nashona sare za shule; vitabu nawaachia wanaozivaa. Lakini wiki hiyo binti yangu alikuwa amegoma kwenda nasari bila blanketi lake, lile lililochakaa mpaka ukilishika unaona vidole vyako upande wa pili, na nilikuwa nawaza nimpelekee kitu cha kumsahaulisha. Nikainama. Kati ya kitabu cha hesabu na cha kilimo kulikuwa na kitabu cha picha kimelala wazi, na katika picha iliyoonekana kitambaa cha buluu kilikuwa kimeanikwa juu ya ua, upepo umekiinua ncha moja.

Nilikijua papo hapo. Changu cha utotoni hakikuwa na jalada, kwa hiyo sikuwahi kujua jina lake, na hata hilo nililolisoma siku hiyo nimeshalisahau; kwetu kiliitwa tu kile cha kitambaa. Changu kiliishia hapo, kwenye picha ya ua. Hiki cha muuzaji kilikuwa na ukurasa mmoja zaidi. Nilikifunga haraka, nikalipa bila kubishana, jambo lililomfanya mzee wa watu aniangalie mara mbili, nikakitia mkobani. Ule ukurasa sikuufungua. Niliona nikiufungulia pale kando ya barabara nitakuwa nimemwibia mtu. Kitabu cha kwanza nilipewa na mama yangu, na mama yuko Nyaramba, alikoolewa.

Nilizaliwa Birongo, nyumbani kwa wazazi wa mama, kabla mama hajaolewa. Kwetu mtoto wa namna hiyo, mama yake akipata mume, mara nyingi hubaki kwa nyanya. Hakuna mkutano unaoitishwa. Mama hufunga virago, mtoto hubaki amesimama uani na kuku, na kuanzia siku hiyo akiulizwa ni wa nani husema jina la babu yake. Mimi nilibaki kwa Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya, mwanamke mfupi aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, hata juu ya namna mvua inavyopaswa kunyesha.

Asubuhi aliyoondoka mama alinifunga leso yake kiunoni, ile aliyonibebea mgongoni nikiwa mchanga. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, maandishi yake yamefutika kwa sababu ya kufungwa fundo mahali pamoja. Ilinuka majani mabichi ya chai, kwa kuwa mama alikuwa akichuma chai tangu alipoacha shule, na harufu ile haitoki kirahisi. Ni kama ya nyasi zilizokatwa zikaachwa kwenye gunia zipate joto. Kisha akanipa kitabu. Alikuwa amekinunua sokoni Keroka, kikuukuu lakini kizima.

"Ukijua kusoma, ukisome mpaka mwisho," akaniambia. "Mpaka mwisho, umesikia Kerubo?"

Nikasema nimesikia. Mtoto husema amesikia hata kama ameambiwa ahamishe mlima. Mama akashika njia, na Magokoro akakichukua kitabu mikononi mwangu kabla mama hajafika barabarani. Kitabu, alisema, ni kitu cha shule, nitakipata siku nitakayoanza shule. Akakiweka juu ya kabati, karibu na Biblia, na mimi nikabaki na leso.

Ninyi mlio wa rika langu, mliolelewa katika nyumba za Sabato, mnaikumbuka Ijumaa. Kila kitu chenye uzi hufuliwa. Nguo, shuka, vitambaa vya viti, hata gunia la kupangusia miguu mlangoni. Jua likizama lazima nyumba iwe imeng'aa na mikono imetulia. Kwangu mimi Ijumaa ilikuwa siku ya vita. Niliamini kwamba mama yuko ndani ya ile harufu, na kwamba sabuni ikipita mara moja atakuwa amekwenda kabisa. Kwa hiyo nikitoka kitandani tu niliificha leso: chini ya kuni, ndani ya kapu la kuchumia chai, siku moja ndani ya chungu cha wimbi. Magokoro alinifukuza uani akiwa na povu mpaka viwikoni.

"Leta hiyo kitu! Hiyo leso inanuka kama beberu!"

"Inanuka mama!"

Alisimama, akaniangalia, akarudi kwenye karai. Baada ya hapo alinisaidia kuificha, ingawa hakuwahi kukiri. Ijumaa alizunguka akiuliza kwa sauti kubwa leso iko wapi, huku ameikalia.

Nilipoanza nasari, kitabu kikashushwa. Hakikuwa na jalada tena, na nyuma kilikuwa kimeng'olewa karatasi, nyuzi zikining'inia. Nikamwuliza Magokoro ilikokwenda. Akajibu bila kugeuka kutoka mekoni.

"Kuni zilikuwa maji. Mvua ya ule mwezi uliiona? Nilitaka chai."

Kwake karatasi ilikuwa karatasi. Nami sikulia, maana kile kilichobaki kilinitosha. Kilikuwa na picha kubwa za mtoto wa kiume mwenye mashavu ya mviringo na kitambaa chake cha buluu. Mwanzoni anakula nacho, anaoga nacho, analala kimemfunika uso. Halafu anaanza kukiacha. Kwanza kitandani. Kisha kwenye kiti. Kisha kwenye ngazi za nyumba, ambazo sikuzielewa, nikadhani ni rafu ya kuwekea vyombo. Kisha langoni, na mwisho kabisa juu ya ua, na yule mtoto amebeba mkoba wa shule, mgongo wake umetugeukia, anateremka barabara bila kutazama nyuma.

Chini ya kila picha palikuwa na sentensi moja. Magokoro hakujua kuisoma, lakini hilo halikumzuia kusimulia. Jioni, koroboi ikitoa moshi, alikiweka mapajani na kumgombeza yule mtoto picha baada ya picha.

"Ona huyu. Hana adabu. Kitambaa kizuri namna hii anaacha kwa ngazi. Nani amenunua? Ona sasa, ameacha kwa ua! Ng'ombe atakula hiyo kitu. Si atakula?"

"Atakula," nikasema.

"Ndiyo. Mwisho."

Watoto wengine wangejiona kuwa yule mwenye mkoba. Ndivyo mwandishi alivyotaka, naamini. Ni kitabu cha kumfundisha mtoto kwamba anakua, na kwamba kitu alichokishikilia anaweza kukiachilia. Mimi hata siku moja sikujiona kuwa mtoto yule. Mimi nilikuwa kitambaa. Niliona wazi, kwa uhakika wa mtu wa miaka sita, kwamba picha zile zilikuwa zinanisimulia mimi. Mama alikuwa amenibeba kila mahali. Kisha akaniacha kwa nyanya akienda sokoni. Kisha akaniacha wiki nzima akienda kuwaona watu wa Nyaramba. Sasa nilikuwa juu ya ua, na yeye anateremka barabara. Sikumchukia. Katika kitabu yule mtoto hakuwa mbaya, alikuwa amekua tu, na nilidhani watu wazima nao huendelea kukua, na kwamba mama alikuwa amekua mpaka sikumtosha tena.

Habari zilizokuja kutoka Nyaramba zilinithibitishia. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mogaka. Pale Birongo kila mtu alimwita mama yangu Mama Kerubo, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza. Lakini jirani mmoja aliyekwenda kumwona mtoto alirudi akasema, bila ubaya wowote, kwamba kule wanamwita Mama Mogaka. Niliingia ndani nikajifunika leso uso mzima. Harufu ya chai ilikuwa imebaki kidogo sana, pindoni tu, na nililala nimeuma pindo.

Alikuja siku ya kufunga shule, na ilikuwa Ijumaa. Nilirudi na ripoti yangu mkononi nikakuta viatu vyake mlangoni, na ndani sauti ya mtoto mchanga. Mama alikuwa amenenepa kidogo. Alinishika kichwa, akanivuta, nikasikia kwamba hanuki chai tena. Ananuka maziwa na mafuta ya mtoto. Mogaka alinitazama kama anayenidai kitu.

Sasa kuna desturi moja kwetu ambayo naiheshimu mpaka leo ingawa iliniponza. Jambo zito halisemwi kabla mgeni hajala. Unaweza kuwa umekuja kuposa, au kuleta habari ya msiba, utaulizwa habari ya mvua, ya ng'ombe, ya majani ya chai, mpaka ugali uletwe, uliwe, mikono ioshwe. Hapo ndipo koo linasafishwa. Mama alikuwa amekuja na jambo zito, na Magokoro alikuwa ndiyo kwanza anasonga ugali. Basi mama akazungumza mambo mepesi. Akaiangalia ripoti, akasema vizuri. Akaniuliza kama nasaidia kuchota maji. Halafu, huku akimbembeleza mtoto, akasema:

"Kerubo, ile leso yangu bado iko? Hebu niletee."

Nilimtazama Mogaka. Nikaelewa kila kitu, yaani sikuelewa chochote. Alikuwa amekuja kuchukua leso ambebee huyu. Kumbe hata juu ya ua sikuruhusiwa kubaki na kitu.

Nikasema, "Nakuletea." Nikaenda chumbani, nikaitoa chini ya godoro, nikapita mlango wa nyuma, nikakimbia hadi katikati ya shamba la chai. Majani ya chai yakikua vizuri yanamficha mtu wa kimo changu akikaa chini. Nilikaa, nimejifunga leso mara nyingi mwilini, nikasikia wakiniita. Mama aliita kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya juu, kisha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Magokoro aliita mara moja tu.

Jua lilikuwa likishuka, nao walikuwa watu wa Sabato, Birongo na Nyaramba vilevile. Jua likizama ukiwa njiani na mizigo, umeivunja Sabato, na mama alikuwa ameolewa katika boma ambamo baba mkwe ni mzee wa kanisa. Nililijua hilo vizuri. Nilichokuwa nangoja ni jua. Hatimaye nikamwona kati ya matawi: ametoka uani, Mogaka yuko mgongoni katika leso mpya ya kijani, anateremka barabara kando ya ua wetu. Nikajiambia, akigeuka nitasimama. Nitasimama nimpungie mkono na leso nitampa, ambebee yeyote amtakaye. Nilimtazama mpaka kwenye kona. Hakugeuka.

Nilipoingia ndani Magokoro alikuwa amekaa mbele ya sahani yangu iliyofunikwa.

"Ameenda," akasema. "Kula."

Hakunigombeza, na hilo lingenishtua kama ningekuwa mkubwa. Ijumaa ile hakuuliza leso iko wapi.

Tangu hapo mimi na mama tuliishi kwa salama. Alikuja mazishini na kwenye harusi. Nilikwenda kwake Desemba nikawabeba wadogo zangu. Tulisalimiana kama watu wa kanisa moja. Magokoro alinisomesha kwa chai na ndizi, nikajifunza kushona, na alipofariki nililia mpaka sauti ikakatika. Leso iliisha kama zinavyoisha nguo zote, ikawa kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, mwisho ikawa utambi wa taa. Nilidhani yamepita. Kumbe yaliyofunikwa yalikuwa yanachacha taratibu.

Jumapili nikaenda Nyaramba. Nilimkuta mama peke yake uani, amekaa kwenye kigoda anachambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, miwani imeshuka mpaka puani. Nikajiketisha kando yake nikachambua naye. Nilikula kwanza, desturi ni desturi. Kisha nikatoa kitabu.

Alijifuta mikono kwenye sketi, akakipokea. Aliufungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akifuata kwa kidole, midomo ikisogea. Alipofika kwenye ua, pale changu kilipoishia, akasimamisha kidole. Na kabla hajageuza, akasema bila kuangalia maandishi:

"Jioni anakirudia."

Akageuza. Ilikuwa hivyo. Jua la machweo, barabara ileile, na mtoto yule mwenye mkoba, sasa uso wake umetuelekea, amenyoosha mikono juu ya ua anakitoa kitambaa. Sentensi ilikuwa fupi: jioni akarudi, akakichukua, wakaingia ndani pamoja.

"Nilikununulia kwa sababu ya hii," mama akasema. "Vitabu vilikuwa vingi pale chini. Nilikuwa sijui kama mzee wa hapa, huyu mume wangu, atakubali nikulete. Sasa ningekuambia nini? Mtoto ukimwahidi na usitimize, ni mbaya. Nikasema, wacha kitabu kiseme."

Nikamwambia ukurasa ule sikuwahi kuuona. Nikamwambia habari ya mvua na kuni mbichi na chai. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kinachotoka na machozi, na mimi pia nikacheka, kwa sababu kweli inachekesha: ahadi ya mama yangu ilichemsha chai.

Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hivyo ile Ijumaa," akasema.

"Ile Ijumaa ulikuja kuchukua leso."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Ulisema nikuletee."

"Ya kufungia nguo zako, Kerubo! Sikuwa na begi. Mzee wa hapa alikuwa amekubali, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nilikuwa nangoja tule ndio nikuambie."

Mkono wangu ulikuwa umejaa majani ya chinsaga na sikujua pa kuyaweka. Nikamwuliza kwa nini hakurudi wiki iliyofuata.

"Nilimwambia mama yangu, nirudi Jumapili? Akasema, mwache, amezoea. Akasema, amekuwa mkubwa." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi ingawa haikuwa chafu. "Nami niliona ni kweli. Nimekuita mpaka koo likauma, na nilijua uko hapo kwa chai, niliona leso, ile rangi haijifichi. Nikasema, huyu ameniona na amekataa kutoka. Amenizidi. Mimi ndio nimeachwa kwa ua."

Magokoro alijua basi. Alikaa mbele ya sahani yangu iliyofunikwa, akijua kwamba mama alikuja kunichukua, akaniambia nile. Kwa muda mfupi nilimkasirikia marehemu, hasira ya kweli. Mama aliiona.

"Wacha," akasema. "Yeye angebaki na nani?"

Nilimtazama mama tu. Maisha yangu yote nilikuwa nimejiona kitambaa, na kumbe upande wa pili wa kilima, kwa miaka ileile, palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akijiona hivyohivyo.

"Nilingoja ugeuke," nikamwambia. "Pale kwenye kona. Ungegeuka ningesimama."

"Ningegeuka ungeniona ninavyolia. Ungenishika miguu, na jua lilikuwa linazama." Akavaa tena miwani. "Leso iko wapi?"

"Iliisha, mama."

"Hata kipande?"

"Hata kipande. Niliitumia ikaisha."

Akatikisa kichwa polepole, na nadhani jibu hilo lilimfurahisha kuliko kama ningeitoa mkobani imekunjwa. Tukarudi kwenye mboga. Kitabu alikiweka mapajani, wazi kwenye ukurasa wa mwisho, na majani yalipokiangukia aliyapangusa kwa mgongo wa mkono. Nilimwambia ni cha mjukuu wake, mwenye blanketi. Akasema atakipata, lakini kwanza kitalala hapa usiku mmoja.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba wakati jirani mmoja alipopita nje ya ua, kapu mgongoni, akapaza sauti kusalimu kama afanyavyo, nadhani, kila jioni.

"Bwairire, Mama Mogaka! Una mgeni?"

Mama aliinuka kutoka kwenye kigoda, taratibu, mkono mmoja begani kwangu.

"Mama Kerubo," akamsahihisha. "Na huyu si mgeni. Huyu ndiye Kerubo."